Kolamu moja yenye koma: wakulima wa mtama wanatoka idadi tatu tofauti. Nivunje jedwali au niache?

#1 Mzani_Kibaigwa
Wakuu, za jioni. Naomba mawazo kabla ya kikao cha chama cha ushirika.

Jedwali la wakulima lina mistari 12,340. Kolamu ya mazao ni VARCHAR(60), yaani maandishi yasiyozidi herufi 60, na ndani yake kila mtu ana orodha yake, imetenganishwa kwa koma:

alizeti,mtama,karanga

Kanzidata ni MySQL 8.0. Nikihesabu wanaolima mtama:

kwa LIKE '%mtama%' napata 3,918
kwa FIND_IN_SET napata 3,402
madaftari ya mabwana shamba yanasema 3,655

Ipi ya kuamini? Na je, hii kolamu niivunje niweke jedwali la pembeni, au hayo ni mambo ya kufaulia mtihani tu? Kuna mtu kaniambia nigeuze iwe JSON (maandishi yanayopanga data kwa mabano na nukuu), yaishe.

#2 Mtaka_Yote
Nimekaa siti ya mbele, karanga za Mpwapwa mkononi.

#3 fundi_majedwali
Mkuu #1, namba zako mbili za kwanza zote ni mbovu, ila kila moja kwa ubovu wake.

LIKE '%mtama%' haijui zao. Inatafuta herufi m-t-a-m-a popote zilipo. Aliyeandikiwa "mtama mweupe" anaingia. Aliyeandikiwa "hana mtama" anaingia. "mtama aliacha" naye yumo. Kolamu ya maneno huru inapokea chochote karani anachoandika. Jaribu '%viazi%' uone: viazi vitamu na viazi mviringo vyote vinakuja mkono kwa mkono. '%njugu%' ndiyo balaa, maana njugu mawe ni zao jingine kabisa na njugu nyasa ndiyo karanga ileile uliyoihesabu pembeni.

FIND_IN_SET inalinganisha kipande kizima kati ya koma na koma. Kasoro yake ni nafasi. Karani akiandika "alizeti, mtama", kipande cha pili kinaanza na nafasi, na " mtama" si "mtama". Inakurudishia sifuri kimyakimya, haitoi kosa lolote.

Halafu zote mbili hazitumii indeksi, ile orodha ya kutafutia haraka. Zinasoma mistari yote 12,340 kila ukiuliza.

#4 Nkuhungu_Tech
Pia herufi kubwa. Kuna makarani wanaandika Mtama, wengine MTAMA. Hapo ndipo FIND_IN_SET inapowaacha watu.

#5 DadaIndeksi
#4 hapana kaka. Ulinganishaji (kanuni ya kuamua herufi zipi ni sawa) wa kawaida wa MySQL 8.0 ni utf8mb4_0900_ai_ci, na hilo "ci" maana yake haujali herufi kubwa na ndogo. FIND_IN_SET inafuata ulinganishaji wa kolamu. Mtama na mtama kwake ni kitu kimoja, labda kama kolamu ilitengenezwa kwa _bin, unaotofautisha kila herufi. Hiyo hoja ingekuwa na nguvu kwenye PostgreSQL, kanzidata nyingine, siyo hapa.

Kinachoweza kumponza ni nafasi ya mwisho. Kwenye ulinganishaji wa zamani kama utf8mb4_general_ci, "mtama " yenye nafasi nyuma ilihesabika sawa na "mtama". Huu mpya wa 0900 unazitofautisha. Aliyehama kutoka 5.7 na kubadili ulinganishaji anaweza kuona hesabu zikibadilika bila kugusa data. Nafasi ya mbele haijawahi kusamehewa kokote.

#6 Mzee_Kilimatinde
Mbukwenyi. Mnamwonyesha moshi, moto hamuugusi. Idadi zinagongana kwa sababu kolamu moja imebebeshwa kazi ya jedwali zima. Hili alilisema Codd wa IBM mwaka 1970, kwenye makala ileile iliyoanzisha kanzidata za majedwali. Mfano wake ulikuwa mfanyakazi mwenye historia ya kazi na watoto ndani ya mstari mmoja. Akasema toa hizo orodha nje, kila moja iwe jedwali lake, ibebe ufunguo wa mwenye mali. Leo mwaka gani?

Fanya hivi:

CREATE TABLE mkulima_zao (
  mkulima_id INT NOT NULL,
  zao_id SMALLINT NOT NULL,
  PRIMARY KEY (mkulima_id, zao_id),
  FOREIGN KEY (mkulima_id) REFERENCES wakulima (id),
  FOREIGN KEY (zao_id) REFERENCES mazao (id)
) ENGINE=InnoDB;

Aina ya id ilingane na ile ya jedwali mama, la sivyo ufunguo wa kigeni (FOREIGN KEY, unaohakikisha id ipo kwenye jedwali mama) utakataliwa. Jedwali la mazao lina id na jina, na jina liwe la kipekee. Ufunguo mkuu (PRIMARY KEY) wa kolamu mbili unazuia mkulima kuandikiwa mtama mara mbili. Na andika InnoDB waziwazi, ndiyo injini ya kuhifadhi inayotekeleza funguo za kigeni. Jedwali la MyISAM linapokea neno FOREIGN KEY, linalisoma, halafu linalitupa bila kukuambia.

#7 kaka_Swaswa
Usisahau indeksi ya upande wa pili, zao_id kisha mkulima_id. Bila hiyo "nani analima mtama" itasoma jedwali zima.

#8 DadaIndeksi
#7 kwenye InnoDB hiyo ameshaipata bila kuiomba. Ukiweka ufunguo wa kigeni juu ya zao_id na hakuna indeksi, MySQL inaitengeneza yenyewe. Na indeksi yoyote ya pili ya InnoDB inabeba ufunguo mkuu mgongoni, kwa hiyo indeksi ya zao_id tayari ina mkulima_id ndani yake. Ushauri wako ni sahihi kwa PostgreSQL, ambayo haikutengenezei indeksi kwa ajili ya ufunguo wa kigeni.

#9 tembo_wa_bluu
Mnamtesa bure. Kwenye PostgreSQL kuna safu za ndani ya kolamu, aina text[]. Kolamu moja, orodha ndani, indeksi ya GIN (inayotafuta vipande vya orodha) juu yake, unauliza 'mtama' = ANY kwenye mazao na umemaliza. Hata kiwango cha SQL cha 1999 kilizikubali hizo safu. Wazee wa 1970 wapumzike.

#10 fundi_majedwali
#9 tembo, umempa swali ambalo haligusi GIN. = ANY inapita mstari kwa mstari. Ili GIN ifanye kazi lazima uandike mazao @> ARRAY['mtama']. Watu wanaweka indeksi, wanauliza kwa ANY, halafu wanalaumu seva.

La pili: huwezi kuweka ufunguo wa kigeni kwenye vipande vya safu. Karani akiandika "mtamaa", PostgreSQL inapokea. Akirudia mtama mara mbili, inapokea. Umepata koma zilezile, zimevaa mabano.

#11 tembo_wa_bluu
Sawa, @> nimekosea kuandika. Lakini kwa lebo ambazo hazina maelezo yao, safu inatosha. Siyo kila neno linastahili id.

#12 ZabibuMbichi
Kuna aina ya SET ndani ya MySQL yenyewe. SET('alizeti','mtama','karanga'). Inakataa jina lisilokuwemo, inaondoa marudio, na inahifadhi biti tu. Kwa nini hamuitaji?

#13 Nkuhungu_Tech
Kwa sababu inaishia vitu 64. Na zao jipya likija unafanya ALTER TABLE (kubadili muundo wa jedwali) badala ya kuongeza mstari mmoja. Karani wa kijijini utampa ruhusa ya ALTER?

#14 ZabibuMbichi
Mazao 64 Dodoma utayatoa wapi, Nkuhungu? Hesabu: mtama, uwele, mahindi, alizeti, karanga, ufuta, zabibu, nyonyo, mbaazi, choroko, kunde, dengu, mihogo, viazi… sijafika hata 20.

#15 Mtaka_Yote
Umesahau ubuyu na mlenda.

#16 Mzee_Kilimatinde
#14 hoja siyo idadi. Kesho katibu atauliza: kila mkulima ana ekari ngapi za mtama? SET haina pa kuweka ekari. Koma hazina. Safu ya tembo nayo haina, labda utengeneze safu ya pili ya ekari na uombe Mungu zisipishane mpangilio. Jedwali la kati unaongeza kolamu ya ekari, basi.

#17 kaka_Swaswa
Na hapohapo uweke msimu. Ila angalizo, Mzee: ukiweka ufunguo mkuu wa mkulima, zao na mwaka, mtama utapita lakini zabibu zitagoma. Zabibu za hapa huvunwa mara mbili kwa mwaka, mstari wa mavuno ya pili utakataliwa kwa kuwa ufunguo umerudiwa. Weka jedwali la misimu lenye id, jina, tarehe ya kuanza na ya kuisha, kisha utumie msimu_id mahali pa mwaka.

#18 Mzani_Kibaigwa
Nashukuru wote. Naona nivunje. Naomba hatua za kuhamisha data bila kupoteza mtu. Na nijibu moja: mtama mweupe kwenye madaftari una mstari wake, unanunuliwa kivyake. Kwa hiyo 3,655 ni mtama usio mweupe tu.

#19 DadaIndeksi
Hatua, kwa mpangilio:

1. Bakapu kwanza. Kolamu ya zamani usiifute, ibadilishe jina iwe mazao_ya_zamani.

2. Hesabu vipande unavyotarajia: CHAR_LENGTH (idadi ya herufi) ya orodha, toa CHAR_LENGTH ya orodha ambayo koma zake zimeondolewa kwa REPLACE, ongeza 1. Jumlisha kwa mistari yote. Mitego miwili: orodha tupu inatoa 1 wakati haina zao, na koma ya mwisho kama "mtama," inatoa 2. Zitenge hizo kabla.

3. Mwaga vipande vyote kwenye jedwali la muda, neno kama lilivyo, pamoja na mkulima_id. Usisafishe bado. Idadi ilingane na ya hatua ya 2.

4. Toa orodha ya maneno ya kipekee, idadi ya kila neno na CHAR_LENGTH yake. Kwenye kupanga makundi tumia BINARY (kulinganisha baiti kwa baiti) ili neno lenye tofauti yoyote lijitokeze. Orodha hii isome kwa macho, mstari kwa mstari. Hapa utaona uwele na mawele, karanga na njugu nyasa, ufuta wenye nafasi.

5. Tengeneza jedwali la tafsiri: neno lilivyoandikwa, zao_id sahihi. Kisha ndipo uingize kwenye mkulima_zao.

Hatua ya 4 ndiyo kazi yenyewe, nyingine ni kuchapa tu.

#20 Nkuhungu_Tech
Kwa hatua ya 3 kuna njia fupi: REPLACE koma ziwe alama za nukuu na koma, zungushia mabano ya mraba, pitisha kwenye JSON_TABLE, inayogeuza orodha ya JSON kuwa mistari. Swali moja, vipande vyote nje. Ipo ndani ya 8.0.

#21 fundi_majedwali
Fupi mpaka ikutane na nukuu moja ndani ya orodha, au herufi ya udhibiti. JSON haikubali mstari mpya ulio wazi ndani ya maneno, swali lote linaanguka. Kwa data chafu tumia jedwali la namba 1 hadi 20, na SUBSTRING_INDEX (inayokata maandishi kwenye koma) mara mbili: ya ndani ichukue vipande n vya mwanzo, ya nje ichukue cha mwisho kwa -1. Sharti n isizidi idadi ya koma jumlisha 1. Ukilisahau hilo sharti, kipande cha mwisho kitajirudia hadi 20.

#22 JSON_Kwanza
Nimechelewa, ila nasikia jina langu linatukanwa. MySQL ina aina ya JSON tangu 5.7.8, na tangu 8.0.17 unaweza kuweka indeksi juu ya vipande vya orodha ndani ya JSON, ukauliza kwa MEMBER OF na indeksi ikatumika. Kwa nini aunganishe majedwali matatu kujua nani ana mtama? Fomu ya mkulima inakuja nzima kutoka kwenye simu, inahifadhiwa nzima. MariaDB, ndugu wa MySQL, nayo vilevile.

#23 DadaIndeksi
MariaDB siyo vilevile. Huko JSON ni jina la utani la LONGTEXT, na hizo indeksi za vipande za MySQL hazimo. Seva nyingi za bei nafuu zinaandika "MySQL" kwenye tangazo na ndani ni MariaDB. Endesha SELECT VERSION() kwanza kabla hujafuata ushauri wa JSON.

#24 JSON_Kwanza
Hilo nakubali. La MySQL nabaki nalo. Mtu akisoma fomu nzima kila mara na kuiandika nzima, JSON ni sahihi. Akianza kuuliza kipande kimojakimoja, hapo ndipo majedwali yanashinda.

#25 Mzee_Kilimatinde
Ameanza kuuliza kipande kimojakimoja tangu #1.

#26 mpima_mvua
Samahani nachomoa kidogo. Nina data ya mvua, kolamu 12 za miezi, Januari hadi Desemba, mstari mmoja kwa mwaka kwa kila kituo. Miezi haitaongezeka kuwa 13. Hii nayo ni dhambi?

#27 kaka_Swaswa
Siyo dhambi. Kanuni inakataza orodha isiyojulikana urefu. Miezi 12 ni kama baba na mama, idadi imefungwa.

#28 fundi_majedwali
#27 idadi imefungwa, maswali hayajafungwa. Mvua ya hapa inaanza Novemba au Desemba na kuisha Aprili. Jumla ya msimu mmoja ni kolamu mbili za mstari wa mwaka huu na nne za mstari wa mwaka kesho. Mwezi wenye mvua nyingi kuliko yote? Kwa kolamu 12 unaandika GREATEST yenye majina 12, na ukitaka kujua ni mwezi gani unaandika CASE ndefu kama reli ya kwenda Kigoma. Halafu kwenye MySQL GREATEST ikikuta NULL moja (thamani isiyojazwa), inarudisha NULL. Mstari mmoja kwa kituo kwa siku, tarehe ya kweli na milimita, na hayo yote ni SUM na BETWEEN.

#29 mpima_mvua
Lakini wanaoisoma wanataka kuiona miezi 12 ikiwa imelala pamoja kwenye ukurasa.

#30 DadaIndeksi
Hiyo ni ripoti. Ilaze wakati wa kuonyesha, si wakati wa kuhifadhi. Kosa la zao1, zao2, zao3 linatoka hukohuko: fomu ya karatasi ina mistari mitatu, basi na jedwali likapewa kolamu tatu. Mkulima wa nne… namaanisha zao la nne linaandikwa pembeni ya karatasi na halifiki kwenye kompyuta.

#31 Mzani_Kibaigwa
Ripoti ya maendeleo. JSON_TABLE ya #20 imegoma, inasema JSON si halali, haisemi mkulima yupi. Nimetumia SUBSTRING_INDEX ya #21, imepita. Nimesafisha nafasi kwa TRIM, nimeunganisha na jedwali la mazao. Mtama: 3,646. Daftari: 3,655. Nimekaribia, wamebaki 9.

Ila nimeingia shimo jingine. Ripoti ya kilo zilizopimwa mzanini imepanda ghafla. Mkulima wa kilo 480 anaonekana ana 2,880. Nimeunganisha wakulima, mauzo, mkulima_zao, na jedwali la simu.

#32 kaka_Swaswa
2,880 gawa kwa 480 ni 6. Huyo ana mazao 3 na simu 2. Nimekosea?

#33 Mzani_Kibaigwa
Hujakosea.

#34 kaka_Swaswa
Kila mstari wa mauzo umezidishwa na kila zao, kisha kila simu. Majedwali mawili ya watoto yasiyohusiana, ukiyaunganisha kwa mzazi mmoja, yanazidishana. Ukianza na koma hukuliona hili kwa sababu orodha ilikuwa ndani ya mstari.

#35 Nkuhungu_Tech
Weka SUM(DISTINCT kilo).

#36 DadaIndeksi
#35 usimpe hiyo tafadhali. Mkulima akileta magunia mawili, kila moja kilo 100 kamili, DISTINCT inayahesabu moja. Ripoti ya siku hiyo itaonekana nzuri na mkulima atapunjwa kilo 100.

Jumlisha kwanza, unganisha baadaye. Swali la ndani litoe mkulima_id na jumla ya kilo kutoka mauzo peke yake. Ndipo uliunganishe na wakulima. Kuchuja wa mtama tumia EXISTS (inauliza yumo au hayumo) juu ya mkulima_zao, haizidishi mstari. Simu ukitaka zionekane kwenye mstari mmoja, GROUP_CONCAT, inayounganisha mistari kuwa orodha moja, ndani ya swali lake.

#37 fundi_majedwali
Na GROUP_CONCAT inakata kwenye baiti 1,024. Orodha ya simu mbili haitaumia, ila ukiorodhesha majina ya wanachama wa kijiji kizima inakatika katikati ya jina na kuacha onyo tu ambalo hakuna anayelisoma. Ongeza group_concat_max_len kwenye kikao chako (muunganisho wako na seva) kabla ya swali.

#38 DadaIndeksi
Hiyo 1,024 ni ya MySQL. MariaDB tangu 10.2 wameweka megabaiti moja. Ndiyo maana ripoti inakamilika kwenye kompyuta ya ofisini na kukatika kwenye seva, au kinyume chake.

#39 ZabibuMbichi
Kwa kuwa simu zimetajwa: Mzani, namba umeziweka kama INT?

#40 Mzani_Kibaigwa
BIGINT.

#41 ZabibuMbichi
Sifuri ya mbele imeshakwenda. Simu siyo ya kujumlishwa, iwe VARCHAR. Ihifadhi kwa +255 na tarakimu 9, jumla herufi 13, zote sura moja. Na usiweke upekee kwenye namba peke yake, baba na mtoto wa kijijini wanatumia simu moja. Upekee uwe mkulima pamoja na namba. Ukitaka kujua ipi ipigwe kwanza, weka kolamu ya nafasi, 10, 20, 30, ili ukipata namba ya katikati uipe 15 bila kugusa nyingine. Mistari ya jedwali haina mpangilio wake yenyewe. Ile unayoiona leo bila ORDER BY ni bahati.

#42 Mtaka_Yote
Swali la kijinga: mistari ikiwa mingi hivyo seva haitajaa? Kolamu moja imekuwa majedwali matatu.

#43 tembo_wa_bluu
Hili nitawatetea hata wapinzani wangu. Chukua PostgreSQL: mstari wa namba mbili ni baiti 24 za kichwa, 8 za data, 4 za kielekezi, jumla 36. Wakulima 12,340 kwa mazao matatu kila mmoja ni mistari 37,020. Zidisha, ni kama megabaiti 1.3. Indeksi ziongeze kiasi hichohicho mara moja au mbili. Picha moja ya simu yako ni kubwa kuliko hiyo.

#44 Mzani_Kibaigwa
Nimerudi kwa wale 9. Nilikuwa nimeruka hatua ya 4 ya #19, nakiri. Sasa nimeifanya. Kwenye orodha ya maneno ya kipekee mtama umetokea mara tatu:

mtama, herufi 5, watu 3,646
mtama, herufi 6, watu 4
mtama, herufi 6, watu 3

Nimeangalia mpaka macho yanauma, naona neno lilelile.

#45 kaka_Swaswa
Nafasi ya mwisho.

#46 Nkuhungu_Tech
Ameshapitisha TRIM. Hiyo itakuwa nafasi isiyovunjika ya kutoka Excel au WhatsApp, TRIM haiigusi. Kwenye utf8 ni C2A0.

#47 fundi_majedwali
Msibahatishe. Endesha HEX (inaonyesha msimbo wa kila baiti) juu ya hayo maneno, utuwekee hapa.

#48 Mzani_Kibaigwa
6D74616D61
6D74616D610D
6D7461726E61

#49 fundi_majedwali
Ya pili ina 0D mwishoni, alama ya mwisho wa mstari ya Windows. Faili la CSV lilitengenezwa Windows likaingizwa kwa kuambiwa mstari unaishia kwa \n pekee, kwa hiyo \r imebaki imenatia kolamu ya mwisho. Ndiyo iliyoangusha JSON_TABLE yako. Na haiko kwa mtama tu, kila zao lililokuwa la mwisho kwenye lile faili linayo. Angalia alizeti.

#50 DadaIndeksi
Ya tatu isomeni taratibu: 6D m, 74 t, 61 a, 72 r, 6E n, 61 a. Ni mtarna. R na n zikikaribiana kwenye skrini zinakuwa m.

#51 Mtaka_Yote
Mtarna! Hilo zao linalimwa Bahi au Chemba?

#52 Nkuhungu_Tech
Hiyo ni mashine ya kusoma karatasi zilizoskaniwa. Mtu kwa mkono hawezi kuandika r na n mahali pa m.

#53 kaka_Swaswa
Anaweza kama ananakili kutoka kwenye chapisho lililosomwa vibaya. Au mwandiko wa bwana shamba. Watatu tu, na mashine ingekosea wengi.

#54 Mzani_Kibaigwa
Kwa vyovyote, 3,646 na 4 na 3 ni 3,653. Wamebaki wawili.

#55 Mzee_Kilimatinde
Wawili wameandikwa mara mbili kwenye madaftari, vijiji viwili jirani. Daftari nalo si msahafu.

#56 DadaIndeksi
Inawezekana, ila kabla hujalilaumu daftari angalia kolamu yako ni VARCHAR(60). Tafuta mistari yenye herufi 60 kamili. Na niambie, programu yenu inaingiza kwa INSERT IGNORE?

#57 Mzani_Kibaigwa
Ndiyo, IGNORE, ili isisimame kwenye marudio. Yenye herufi 60 iko 6. Minne imekatikia kwenye "kara", "ufut", "choro" na "viaz". Miwili inaishia hivi:

alizeti,karanga,nyonyo,choroko,kunde,mahindi,mihogo,zabibu,m

#58 DadaIndeksi
IGNORE inageuza kosa la urefu kuwa onyo na kukata mkia, hata kama seva imewekwa ukali. Hiyo "m" ilikuwa neno.

#59 kaka_Swaswa
Mtama. 3,655, uzi ufungwe.

#60 Mzee_Kilimatinde
Mahindi na mihogo vimeshatajwa, sawa. Lakini mbaazi je? Mawele? Maharage? Nabaki na daftari lililorudia majina.

#61 JSON_Kwanza
Niseme tu: ingekuwa aina ya JSON, orodha iliyokatika ingekataliwa, mabano hayajafungwa. Nusu neno lisingeingia.

#62 fundi_majedwali
Na jedwali la kati lisingekuwa na cha kukata. Mzani, wape hao wawili zao_id ya "haijathibitishwa", usiwape mtama kwa kukisia. Kisha fungua daftari la kijiji chao, namba za wanachama unazo.

#63 Mzani_Kibaigwa
Daftari liko kabatini ofisini. Funguo anazo katibu, yupo Mpwapwa mpaka Jumatatu.

#64 Mtaka_Yote
Kumbe ufunguo mkuu anao katibu.